Lengalenga za Nyuma ya Nyumba

Rehema alikuwa mwanamke wa kinyaa, na pale mtaani kwake, mjini Baraka, jambo hilo halikuwa siri. Alinusa kikombe kabla ya kunywa. Aliosha sombe, majani ya muhogo, maji matano, na mgeni akishakwenda zake alikifuta kiti alichokalia. Mumewe, Mahmudu, alikuwa na mitumbwi miwili ya kuvulia ndagala, dagaa wa ziwani, lakini akitoka ziwani hakuruhusiwa kuvuka kizingiti kabla ya kuoga uani kwa bidoni nzima ya maji, dumu la lita ishirini, na sabuni ya kipande. Watu walicheka, naye Rehema hakujali. Harufu mbaya ilimwingia mwilini kama homa, ikamkaa kutwa.

Aliyemchukiza kuliko wote alikuwa jirani yake, Suzanne, mjane wa Kibembe mwenye watoto saba na mabata yasiyohesabika. Mabata yale yaliingia nyumbani kwa Suzanne na kutoka yapendavyo, na mavi yao yalikauka mlangoni. Rehema alimtaka mumewe ajenge ukuta wa matete kati ya nyua zao mbili, na Mahmudu akaujenga. Tangu siku hiyo mama wale wawili walisalimiana juu ya matete, kwa ufupi, kila mmoja akijua mwenzake anamwonaje.

Mtoto wa Rehema alikuwa mmoja tu, Faida, msichana wa miaka minne. Alikuwa mtoto wa mbio na maneno mengi. Halafu masika yale, taratibu, alianza kuchoka.

Mwanzoni Rehema hakuliona hilo kama ugonjwa. Aliona uvivu. Faida alitumwa kuleta kikombe kutoka uani, akakaa njiani mara mbili. Asubuhi alioga, akavishwa, akapakwa mafuta, kisha akalala tena pale pale kizingitini, shavu juu ya udongo, nzi wakimtua midomoni. Watoto wa Suzanne walimwita kwa sauti kutoka upande wa pili. Aliwatazama kupitia matete bila kuinuka. Kila alipotakiwa kutembea aliomba abebwe. Rehema alimkemea, na mara mbili alimchapa kwa mwiko miguuni. Mara ya pili mtoto hakukimbia wala hakujikinga. Alisimama tu akapigwa, kisha akaketi.

Kisha kukatokea jambo la ukutani. Rehema alitoka jikoni akamkuta Faida nyuma ya nyumba, kando ya kishamba cha lengalenga, ule mchicha wa kwao, amechuchumaa, anakwangua udongo wa ukuta kwa ukucha na kuulamba. Midomo yake ilikuwa na tope, na meno yake yalisaga mchanga kwa sauti iliyomsisimua Rehema mpaka nywele za shingoni. Mjusi alikuwa amepita pale. Kinyesi chake cheupe kilionekana wazi kando ya mahali mtoto alipolamba. Rehema alimshika kichwa, akamtia kidole mdomoni, akautoa udongo, kisha akamwosha ulimi kwa sabuni. Faida alitapika povu. Mama mtu naye aligeukia upande wa pili akatapika. Jioni alimkuta tena ukutani.

Mahmudu alisema mtoto anataka vitamini. Alileta chupa ya sirop nyekundu kutoka duka la dawa karibu na soko, kisha akaleta nyingine ya manjano. Faida alizinywa zote kwa sababu zilikuwa tamu, na hakubadilika. Viganja vyake vilianza kuwa na rangi ya majivu. Alipolala, mshipa wa shingo ulirukaruka chini ya ngozi kama kitu kilichofungiwa ndani, na Rehema hakuweza kuutazama kwa muda mrefu.

Ndipo mama mkwe wake, Mama Zaituni, alipotoa neno lake. Alisema mtoto huyu amewekewa kitu tumboni, kwamba sirop haiwezi kutoa kitu kilichowekwa na mtu, na kwamba katika kijiji cha Swima yuko fundi mmoja, Assani, anayevitoa vitu vya namna hiyo kwa pembe. Aliyekiweka hakumtaja jina, ila alitazama upande wa matete. Rehema hakuwa mtu wa mafundi. Lakini alikuwa amechoka kumwona mwanawe sakafuni, na wazo kwamba uchafu umetoka kwa jirani lilimkaa vizuri moyoni. Kesho yake asubuhi walipanda moto mbili, pikipiki za abiria, mama mkwe kwenye moja, yeye na Faida kwenye nyingine, wakaenda Swima.

Fundi Assani aliwapokea katika chumba chenye mkeka mmoja. Kucha zake zilikuwa ndefu, na chini ya kila ukucha kulikuwa na mstari mweusi. Wembe aliutoa kwenye karatasi iliyokwisha kulowa mafuta, akaufuta kwenye shati lake mwenyewe. Rehema alitaka kusema neno, mama mkwe akamgusa goti. Fundi alimchanja Faida tumboni mara nane, akatia pembe ya ng'ombe juu ya machanjo, akaiweka midomo yake kwenye ncha ya pembe na kuanza kunyonya. Mate yalimshuka kidevuni yakadondokea tumbo la mtoto. Alinyonya, akakohoa, akainama juu ya bakuli la bati akatema.

Ndani ya bakuli, katikati ya damu na mate, kulikuwa na fundo la nywele na uzi, na kitu cha kijivu chenye kuteleza kilichozungushwa humo. Mama Zaituni alimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini Rehema aliinama akanusa. Yeye ni mke wa mvuvi, na pua yake haikosei. Kile kitu cha kijivu kilikuwa utumbo wa samaki, tena wa jana. Alipoinua macho aliona kipande kama kile kile kimenasa kati ya jino na ufizi wa fundi, na fundi akakisukuma kwa ulimi na kukimeza.

Rehema alirudisha uso nyuma. Hata hivyo kilichomshtua zaidi hakikuwa mdomo ule. Kilikuwa Faida mwenyewe. Mtoto amechanjwa mara nane na hakulia. Alilala pale mkekani akitazama dari, damu yake ikitoka nyepesi kama maji ya kuoshea nyama, na hakuwa na nguvu hata za kulia.

Rehema alimbeba, akatoka. Mama mkwe alimwita, hakugeuka. Barabarani alinunua chupa ya maji, akamwosha mtoto tumbo mara tatu, akamfunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akasimama na kichwa wazi kando ya njia mpaka moto ikapatikana. Alimwambia dereva asisimame popote mpaka kituo cha afya, Baraka.

Muganga wa zamu alikuwa mama mmoja mnene aitwaye Godelieve, mwenye miwani na sauti ya chini. Hakuanza kwa dawa. Alivuta kope ya chini ya Faida akaangalia ndani, akakifungua kiganja chake, akausikiliza moyo ukienda mbio. Kisha akauliza maswali mengi. Mtoto analala na neti? Ameshapata homa mara ngapi mwaka huu? Anaoga ziwani, anakojoa damu? Kuna mtu wa familia mwenye ugonjwa wa SS, yaani selimundu, au watoto waliokufa wakiwa wadogo kwa maumivu ya mifupa? Anakula nini: bugali peke yake, au na ndagala, na majani, na maharagi? Anakula udongo?

Kwa swali hilo la mwisho Rehema alimpangusa Faida midomo. Akaona haya kama vile ameulizwa jambo la kitandani. Mwishowe aliitikia kwa kichwa. Godelieve hakucheka. Alisema watoto waliopungukiwa damu hutamani udongo, mwili unatafuta usichokuwa nacho, na kwamba kumchapa hakusaidii. Rehema aliinamisha macho, maana hakuwa amesema kwamba alimchapa.

Walimtoboa mtoto kidole. Malaria haikuonekana, wala ule ugonjwa wa SS. Lakini Godelieve alipotazama kipimo cha damu alivua miwani.

“Damu yake iko tano na nusu,” alisema. “Mutoto wa miaka ine inapashwa ifike kumi na moja. Huyu si muvivu, mama. Anatembea na nusu ya damu.” Kisha akafungua kile kitambaa, akaona machanjo, akayahesabu kwa kidole. “Na hii nusu, mulienda tena kuimwanga Swima.”

Rehema alikikunja kile kitambaa, upande wenye damu ndani.

Walibaki hapo, mtoto akiangaliwa. Mchana ule Godelieve alimpa Rehema kikopo kidogo chenye kifuniko akamwambia anataka choo cha mtoto, kiasi cha kijiko. Rehema alikipokea kwa ncha za vidole viwili. Alipokipata alichotakiwa, alikifunga kikopo kwa mfuko wa plastiki, na mfuko kwa mfuko mwingine, na wa pili kwa wa tatu, akakibeba mkono umenyooshwa mbali na mwili, akipumua kwa mdomo. Nicolas, mtu wa labo, yaani maabara ya kituo, kijana mwenye koti lililopauka, alifungua mifuko ile mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyezoea.

Alikaa muda mrefu juu ya mashine yake ya kutazamia. Kisha akamwita Rehema aje aone. Rehema alikataa, halafu akaweka jicho. Aliona duara la mwanga, na ndani yake vitu vya mviringo, vyeupe, vyenye ngozi nyembamba, vimejaa kila upande. Nicolas alimweleza kwamba hayo ni mayai ya minyoo, ile minyoo midogo, myembamba kama uzi wa kushonea, inayouma utumbo kwa ndani na kunyonya damu usiku na mchana. Mayai mengi namna hii, alisema, maana yake ndani ya mtoto minyoo ni mamia. Wakati anasema hivyo kitu kimoja kilijikunja ndani ya yai lake.

Rehema alifika mpaka mlangoni, hakufika nje.

Alipokwisha kupangusa sakafu yeye mwenyewe, maana hakutaka mtu mwingine aguse, alimwuliza Godelieve minyoo hiyo iliingia vipi katika nyumba yake, yeye anayeosha sombe maji matano. Godelieve alimjibu kwamba minyoo ya aina hii haipiti sana mdomoni. Inapita kwenye ngozi. Mtu mgonjwa anajisaidia chini, au choo kinamwagika, mayai yanakuwa minyoo midogo kwenye udongo wenye unyevu, na mtoto anapopita bila viatu inamwingia nyayoni. Aliuliza kama Faida aliwahi kuwashwa miguu. Rehema alikumbuka. Mwezi mzima mtoto alijikuna kati ya vidole, vipele vyekundu, naye alisugua kwa jiwe na sabuni akidhani ni uchafu.

Faida alipewa dawa ya minyoo, na sirop ya chuma ya kuongeza damu. Siku ya tatu, moyo wake ulipotulia kidogo, waliruhusiwa kwenda nyumbani. Siku hiyo hiyo Rehema alipita upande wa pili wa matete.

Alikwenda kwa ugomvi. Alikuwa ameupanga njiani neno kwa neno: mabata, watoto wanaojisaidia popote, mavi mlangoni. Suzanne alikuwa ameketi anatwanga sombe, akamsikiliza mpaka mwisho bila kuacha mchi. Kisha akauweka chini. Alimwambia kwamba watoto wake wana choo, kile pale, na mtu akitaka anaweza kukitazama. Alimwuliza kama anakumbuka alipokwenda Makobola, mwanzo wa mvua, kwenye matanga ya shangazi yake, akakaa siku kumi. Rehema alikumbuka.

“Mu zile siku bwana yako alileta batu babili na ndoo,” Suzanne alisema. “Choo yenu ilikuwa imejaa. Balitoa yote, bakaimwanga pale nyuma, mu shamba ya lengalenga, bakageuza na udongo. Bana bangu nilibakataza kukanyaga kule. Nilijua unajua.”

Rehema alisimama. Akaona yote kwa mara moja, kama mtu aliyefunuliwa sufuria. Kile kishamba cha nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka jikoni, ambamo Faida alicheza kila siku miguu wazi kwa sababu udongo ulikuwa laini na baridi. Lengalenga zilizokuwa nyembamba kabla ya safari, na aliporudi zimenona, majani mapana kama kiganja cha mtu mzima, naye akazisifu. Alizichuma kwa mikono yake. Alizipika kwa karanga mara tatu, mara nne kwa juma. Aliwahi kumpelekea mke wa imamu bakuli zima.

Halafu akakumbuka jambo la mwisho. Tangu yeye aliporudi kutoka Makobola, Mahmudu alikuwa hagusi lengalenga. Alisema zinamjaza tumbo. Aliomba samaki tu. Alikaa pale kwenye sinia moja na mkewe na mwanawe, akisogeza bakuli la majani upande wao, akiwatazama wanakula.

Alimngojea uani. Mahmudu alirudi kutoka ziwani akiwa na furaha ya mavuno mazuri, akachukua bidoni yake ya kuogea kama kawaida. Rehema alimwuliza kuhusu choo. Mahmudu alianza kueleza: shimo lilikuwa limejaa, mvua haikuruhusu kuchimba jingine, maji ya ardhini yako karibu, na wale vibarua walisema ikichanganywa na udongo inakuwa mbolea nzuri, hata wazungu wanafanya. Alijua mkewe hatakubali, kwa hiyo alisubiri asafiri.

“Na wewe hukukula,” Rehema alisema.

Mahmudu alitazama mikono yake. “Nilikuwa naona vibaya,” alisema. “Nilijua ilitoka wapi.”

“Ulijua. Na mutoto ulimuachia akule.”

Hakupiga kelele. Alikuwa ameolewa na mwanamume huyu kwa miaka sita, na alikuwa amechukia harufu yake ya samaki, magamba kwenye nywele zake, maji machafu aliyoacha uani, na vyote hivyo viliondoka kwa sabuni. Sasa alimtazama, safi, amekwisha kuoga, shati jeupe mwilini, na mwili wake Rehema ukasisimka wote. Hakuweza kula sinia moja naye. Hakuweza kuipokea glasi kutoka mkononi mwake. Alihamisha godoro, akalala na Faida chumba cha pili.

Kesho yake alivaa buti za mpira za Mahmudu, akazing'oa lengalenga zote, akazitia shimoni. Mahmudu alichimba choo kipya mwenyewe, mbali na jikoni, siku tisa, jembe likigonga mawe, na hakuna aliyemwambia apumzike. Kishamba kilizungushiwa miba, mtu asikanyage. Godelieve alikuwa amesema watu wote wa nyumba wanywe dawa, na Mama Zaituni ndiye aliyekataa. Alisema yeye hana wadudu. Rehema alimwekea vinini, vidonge vya minyoo, kwenye kisahani mbele yake, akaketi akimtazama mpaka akavimeza.

Dawa ya Faida nayo ilikuwa na karaha zake. Siku ya nne choo chake kilitoka cheusi kama lami, na Rehema alikimbia nacho kituoni, safari hii katika mfuko mmoja tu, akidhani mtoto anavuja damu ndani. Godelieve alikitazama akasema ni ile sirop ya chuma, isimtishe, aendelee miezi mitatu na asiache mtoto akishapata nafuu. Alimwambia pia ampe ndagala, maini akiyapata, na maharagi, na kwamba majani ni mazuri yakitoka mahali panapojulikana. Rehema, aliyekuwa amekwisha kumsimulia habari za kishamba, hakucheka, na Godelieve alipoelewa alichosema, naye aliinama kwenye daftari lake.

Nafuu haikuja siku moja. Kwanza Faida aliacha ukuta. Kisha rangi ya midomo ilirudi, kidogo kidogo. Juma la tano alikwenda mwenyewe mpaka barabarani na kurudi, kambambili mpya zikipiga visigino vyake. Alipopimwa tena damu ilikuwa tisa na nusu. Machanjo ya tumboni yalipona lakini yalibaki, mistari minane, na kila alipomwogesha Rehema alipitisha kitambaa hapo upesi.

Mwezi wa nne tangu watoke kituoni kulikuwa na arusi kwa binamu ya Mahmudu. Wanawake wa familia walikaa uani wakichambua mchele, zaidi ya kumi. Mmoja wao, Nadia, aliyeolewa huku kutoka Nundu, alisema mwanawe wa kwanza anasinzia mchana kutwa na anakula makaa. Mwenzake mmoja akasema ni uvivu, watampiga atanyooka. Mwingine akasema amtafutie mtu wa pembe.

Rehema aliweka ungo chini. Kwa kawaida hata neno choo hakulitamka mbele ya chakula. Akawaeleza yote. Aliwaambia kuhusu kikopo, na mayai aliyoyaona, na mamia ya minyoo inayoning'inia ndani ya mtoto ikinywa. Aliwaambia kilichokuwa katikati ya meno ya fundi. Aliwaambia kilichomwagwa nyuma ya nyumba yake na nani alikimwaga, na kwamba yeye mwenyewe alikipika kwa karanga. Wanawake walifunika pua kwa mitandio. Mke wa imamu aliinuka akaondoka, mkono mdomoni. Mama Zaituni alimwambia anyamaze, hapa panapikwa. Rehema aliendelea mpaka mwisho, akamtazama Nadia peke yake.

Jioni Mahmudu alikuwa amekwisha kusikia. Alisimama mlangoni mwa chumba cha pili, akamwambia mkewe kwamba amemwaibisha mbele ya ukoo mzima, kwamba wavuvi wake watamcheka mpaka Kalemie. Rehema alikuwa anamfunga Faida nywele.

“Bacheke,” alisema.

Mahmudu alikwenda kukaa uani. Faida alimwuliza mama yake kwa nini baba haingii. Rehema alimwambia atulize kichwa, maana hakuwa amemaliza, na mtoto hakuwa anatulia hata dakika moja.